Mjomba Aliyeondoka Kabla ya Kupanda

Kabla ya vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda mwaka 1978, Gairo yetu ya Ukaguru na vijiji vyake vilikuwa vimekwisha kutoa vijana mara mbili kwa vita vikubwa vilivyoanzia mbali, na mara zote mbili wenye vita walijali idadi yao kuliko majina yao. Nasema hivi kwa sababu katika ukoo wa mama yangu tuna wajomba wawili waliokwenda vitani wasirudi. Walitofautiana miaka zaidi ya 60. Wa kwanza hakuna anayejua alipolala. Wa pili ana kaburi, lakini liko safari ya siku mbili kutoka kwetu, karibu na Ziwa Viktoria. Nataka kumweleza huyu wa pili, ila hawezi kueleweka bila yule wa kwanza.

Vita Kuu ya Kwanza ilitufikia Agosti 1916. Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, alikuwa ameiteka Dodoma mwishoni mwa Julai, akateremka na reli kupitia Mpwapwa, na tarehe 22 Agosti akaingia Kilosa. Siku nne baadaye majeshi ya Jenerali Smuts, yaliyopita Handeni na milima ya Nguru, yakaingia Morogoro. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka. Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, aliwazungusha askari wake kwenye milima ya Uluguru hadi Kisaki, na vita vikaendelea kusini kwa miaka miwili mingine. Ukaguru wetu ulibanwa katikati ya njia hizo. Jeshi linalorudi nyuma hula, na jeshi linalofuata nalo hula. Mtama na mahindi yaliyokuwa ghalani yalichukuliwa, mifugo ikachukuliwa, kisha wakachukuliwa wanaume.

Walichukuliwa kwa sababu ndorobo waliwaua farasi na ng'ombe wa kuvuta magari, na mvua zikawa zinaziua barabara. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25, mbali na kipande cha nguo na chungu chake. Alilishwa unga ambao mara nyingi hakupata muda wala kuni za kuupika ukaiva, akalala palipo na maji, akaamka na kuhara. Upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi wapatao milioni moja walipita katika vita hivyo, na kwamba si chini ya 95,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Waliopona wakakuta njaa nyumbani, na mwishoni mwa 1918 ikaja homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa katika miaka hiyo. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alichukuliwa njiani akitoka kununua chumvi. Hiyo ndiyo habari yote tuliyo nayo juu yake. Alikuwa na mke na shamba la mtama, akaenda kwenye chumvi. Bibi alikua akisikia mama yake akimtaja kila walipofagia makaburi ya ukoo kabla ya mvua, akiomba radhi kwamba mmoja hana kaburi la kufagiwa.

Vita ya Pili siikalii sana. Wako waliojiunga na Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakapigana Uhabeshi, Madagaska na Burma, na kutoka Tanganyika nzima walikuwa makumi ya maelfu. Waliorudi Gairo walirudi na makoti mazito, ambayo kwa upepo na baridi yetu ya Juni yalikuwa mali kuliko medali. Nilimkuta mzee mmoja wa Keya angali hai nilipokuwa mdogo. Alipenda kusimulia juu ya meli, na kuhusu vita hakusema kitu.

Basi mjomba wangu. Alikuwa mdogo wake mama, mtoto wa mwisho wa bibi. Kwa Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba si ndugu wa kuja kusalimia siku ya sikukuu. Ndiye mwenye kauli juu yako. Ugonjwa wako unamhusu, posa yako inamhusu, na sehemu ya mahari yako ni yake. Alikuwa na umri wa miaka kama 24 wakati wa vita ya Kagera, na tayari alikuwa ameanza kuitwa kwenye vikao vya wakubwa, akikaa karibu na mlango.

Alilima mahindi na maharage, akapanda na karanga kidogo kwenye kichanga. Alijua mahali pa kuchimba kisima ambapo maji hayana chumvi kali, na hilo Gairo si jambo dogo. Wageni wakinywa chai yetu hukunja uso hata leo. Alijifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya kisomo yaliyoenea miaka ya sabini, akisoma jioni kwa taa ya chemli pamoja na wanawake wenye watoto migongoni. Aliandika kwa herufi kubwa zilizoachana kama miche ya mahindi iliyopandwa kwa kamba. Wakati wa Operesheni Vijiji alibomoa nyumba yake mwenyewe akahamisha miti ya kuezekea kichwani hadi kwenye kiwanja kipya alichopewa. Nayataja haya kwa sababu mtu akishafia jeshini, watu huanza kumsimulia kuanzia siku aliyovaa sare. Mjomba alivaa sare kwa miezi isiyofika minane. Maisha yake mengine yote alikuwa mkulima.

Umgambo alikuwa nao kabla. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, baada ya Wareno kuivamia Guinea na Idi Amin kupindua serikali ya Uganda, na moja ya mambo yaliyoagizwa humo ni wananchi kufundishwa kulinda nchi yao. Ndivyo mgambo walivyofika vijijini. Kwetu walifanya kwata kwenye uwanja wa shule baada ya mavuno, wakiwa na bunduki za mbao walizochonga wenyewe. Ya mjomba aliichonga kwa mti mgumu hata mabega yakamchubuka. Mkufunzi wao akacheka akamwambia achonge nyingine, akakataa, akasema bunduki ya kweli haitakuwa nyepesi.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka. Yaliiteka nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, Amin akatangaza kuwa sasa ni sehemu ya Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa. Nyumba ziliporwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, na raia wapatao 1,500 waliuawa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee, na kijiji kizima kilimsikiliza kwenye redio ya duka moja, watu wamekaa chini hadi barabarani. Nilikuwa darasa la tano. Maneno yake juu ya sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin tuliyakariri shuleni kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha.

Jeshi lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Katika wiki chache likapanuliwa likapita 150,000, na kati ya hao mgambo walikuwa kama 40,000. Namba hizo zina maana yake ukiziona kutoka kijijini. Zina maana kwamba balozi wa nyumba kumi alipita kila mlango na karatasi. Zina maana kwamba malori ya watu binafsi na mabasi ya abiria yaliitwa kazini, kwamba watu walichanga mahindi, kuku na maharage bila kulazimishwa. Nayasema haya nikiyaamini, maana nilimwona bibi yangu akitoa debe la maharage ya mbegu, na mtu hatoi mbegu kwa hofu.

Ila zina maana nyingine pia. Novemba kwetu ndio mwezi wa kuandaa shamba. Watu wameshasafisha, wanasubiri mvua ya kwanza inyeshe waweke mbegu. Lori liliwachukua vijana wetu wakati majembe yamekwisha kunolewa. Mjomba alikuwa amechimba mashimo ya nusu shamba. Alimwonyesha mkewe mpaka alipofikia kwa kuchomeka kijiti, akamwambia aanzie hapo. Mkewe alikuwa mjamzito. Mvua ilipokuja waliopanda ni yeye, mama, bibi na sisi watoto.

Barua yake ya kwanza ilifika baada ya mwaka mpya, niliisoma mimi kwa sauti bibi akiwa anapembua. Alikuwa amefundishwa kambini wiki chache, akapelekwa kwa reli hadi Mwanza, kisha kwa meli hadi Bukoba. Bahari hiyo, aliandika, haina chumvi hata tone, na angeweza angetuletea pipa. Watu wa huko wanakula ndizi asubuhi na jioni, nao wanakuwa na nguvu vilevile. Kisha yakafuata maswali: mahindi yametoka? Panya wamefukua? Maharage msiyapande bondeni mapema, yataoza. Vita yenyewe aliipa mstari mmoja, kwamba nyumba nyingi za huku hazina milango. Nilikuwa mtoto, sikuelewa kwa nini bibi aliacha kupembua niliposoma mstari huo. Milango, mabati na hata fremu za madirisha vilikuwa vimeporwa na waliovamia, na ndani hamkuwa na watu.

Majeshi yetu yaliwarudisha wavamizi, na Januari 1979 yakauteka mji wa mpakani wa Mutukula. Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari. Kutoka hapo barabara ya Kampala inapita Lukaya, penye kinamasi kikubwa na matete, na hapo ndipo naomba msomaji akae na mimi kidogo.

Brigedi ya 201 iliyotangulia Lukaya ilikuwa karibu yote mgambo. Wengi hawakuwa wamewahi kupigana. Tarehe 10 Machi walishambuliwa na majeshi ya Amin pamoja na askari wa Libya, waliotumwa na Gaddafi kumsaidia rafiki yake, wakiwa na vifaru na makombora ya Katyusha. Makombora hayo huja mengi kwa pamoja, tena kwa mlio. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao, na waliouawa walikuwa wachache, lakini mgambo walivunja safu wakakimbia. Nimesikia watu wazima, wengine hawajawahi kushika hata manati, wakizungumzia mbio hizo kwa kebehi. Mimi huwauliza: mtu aliyejifunza kwata kwa bunduki ya mbao, akapewa ya chuma wiki chache tu kabla, akalala kwenye maji ya kinamasi na kuona mbingu yote inawaka, ulitaka afanye nini? Kinachonigusa ni kilichofuata. Usiku uleule makamanda waliwakusanya. Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, iliamriwa kuzunguka hadi nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 walishambulia kutoka pande mbili, na watu walewale waliokimbia jana yake walirudi wakaingia tena kwenye barabara ile. Walibya wapatao 200 walikufa hapo. Baada ya Lukaya, Amin hakupata tena nguvu ya kusimamisha jeshi letu, na usiku wa kuamkia tarehe 11 Aprili Kampala ilikuwa mikononi mwa jeshi hilo.

Mjomba alikuwa Lukaya. Hili tulilijua kwa mwenzake, kijana wa kijiji cha jirani aliyerudi. Mjomba alikimbia na wenzake, akapoteza kiatu kimoja kwenye tope. Asubuhi alirudi na kiatu kimoja. Mwenzake alisimulia hayo mbele ya bibi bila kupunguza, nami namshukuru mpaka leo.

Lakini Lukaya haikumuua. Mjomba alikufa Mei, Kampala ikiwa imekwisha kuanguka na jeshi likiwa linasonga kaskazini. Alikuwa juu ya lori la chakula, si mbali na Masaka. Lori lilipinduka kwenye kona iliyolowa, magunia yakamlalia. Ulikuwa unga wa mahindi.

Pale kijijini kifo hicho kilipata maneno mengine. Kufikia mwaka uliofuata nilikuwa nikisikia kwamba aliuawa kwa kombora, kwamba alikufa na adui watatu mikononi. Watu walisema kwa upendo, walidhani wanampa heshima. Mama yangu aliwasahihisha kila mara, hata akaonekana mkaidi. Nami nimechukua ukaidi huo, kwa sababu ukweli wa kifo chake ndio ukweli wa wengi. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi waliofuatana na majeshi ya Tanzania, waliandika kuwa askari wetu 373 walikufa katika vita hiyo, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Waliobaki, karibu watu watatu kati ya wanne, waliondoka kwa njia nyingine. Ukitaka kuwaheshimu kwa makombora peke yake unawaacha nje hao wote. Na yule mpagazi wetu wa 1916, aliyekufa labda kwa kuhara chini ya mzigo wa chakula cha jeshi, angekuwa hana hata mahali pa kusimama. Pengine wajomba zangu wote wawili walikufa wakipeleka unga.

Habari ilifika Juni, tukiwa shambani tunavuna mahindi yale yale aliyochimbia nusu ya mashimo. Walikuja katibu wa kijiji na balozi. Balozi alimwambia bibi, “Mama, hebu kaa kwanza.” Bibi akasema, “Nimeinama tangu asubuhi, mwanangu, sina haja ya kukaa. Niambieni ni yupi.” Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu vitani, lakini aliuliza hivyo, maana pale shambani palikuwa na akina mama wengine, na kila mmoja alikuwa ameacha kuvuna.

Matanga yalileta ubishi. Wazee wa ukoo walikaa siku mbili wakibishana juu ya kufanya msiba pasipo maiti. Mmoja alisema jeshi limekwisha kumzika, yatosha. Mwingine akasema jeshi linazika askari, mtoto wa ukoo huzikwa na ukoo. Bibi hakuwa na nafasi ya kusema katika kikao kile, lakini alisema. Akawakumbusha mjomba wake wa chumvi, ambaye kwa kukosa maiti hakuwekewa matanga kamwe. Walinyoa nywele, wakalia siku zote zinazopaswa, na pombe ikamwagwa kwa jina lake pamoja na jina la yule wa kwanza. Hivyo mjomba wa bibi alipata matanga yake mwaka 1979, akiwa amechelewa zaidi ya nusu karne.

Mkewe alijifungua mtoto wa kiume kabla ya habari kufika. Akamlea kwa shida ya miaka ile, maana baada ya vita Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na mikanda ikafungwa miaka. Sabuni ilikuwa kwa foleni, khanga kwa kibali. Malipo ya mume wake aliyafuatilia kwa ofisi moja baada ya nyingine, na alipoyapata alinunua mbuzi na sare ya shule. Nilipoolewa, sehemu ya mjomba katika mahari ilibaki mezani, na hakuna aliyetaka kuigusa. Bibi aliichukua akampelekea mjane. Kwa desturi zetu mjane ni wa ukoo mwingine, hakuwa na haki nayo. Bibi akasema yeye ndiye aliyemalizia mashimo.

Nimekwenda Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa mashujaa wa Kagera. Kuna mnara mweupe wenye majina, na makaburi yamepangwa kwa mistari iliyonyooka kama kwata. Jina la mjomba lipo, herufi zote sawasawa. Nilikuwa nimebeba ufagio mdogo kutoka nyumbani. Palikuwa pamefagiliwa vizuri kuliko makaburi yetu, hapakuwa na jani. Nikafagia hivyo hivyo, kwa sababu wanaofagia pale hawamfahamu, nikamweleza habari za shamba na za mtoto wake. Askari aliyekuwa zamu alisimama mbali akaniacha nimalize.

Yule mpagazi hana Kaboya yake. Dar es Salaam ipo sanamu ya askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, ameshika bunduki yake mbele, na maandishi chini yake yanawataja wapagazi pia, lakini sanamu ni ya mwenye bunduki. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika Vita ya Kwanza, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi inafika 350,000. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza juu ya wale waliochukuliwa Ukaguru. Radhi ya bungeni ni jambo jema. Kazi ya majina ingali kwetu, kwa sababu kama yapo popote, yamo vinywani mwa vikongwe wanaoita mizimu kabla ya mvua.

Ninayo daftari. Naandika humo waliotoka Gairo, Chakwale, Rubeho na Nongwe, wa 1916, wa Keya na wa Kagera, kila mmoja chini ya ukoo wa mama yake, na kando ya jina naandika alilima nini, alikuwa mjomba wa nani, na alikufa kwa kitu gani kama kinajulikana. Pasipo na jina naandika kazi aliyokutwa akifanya. Mpagazi wetu ameandikwa, “alikwenda kununua chumvi.” Mtoto wa mjomba, ambaye sasa ana wajukuu, ndiye anayenipeleka kwa pikipiki yake. Mvua zikikatika tunapanda Iyogwe, tumeambiwa yupo mzee huko aliyekuwa Lukaya.